LAWSON TAIT: DAKTARI ALIYEOGOPA KUPASUA, MAMA AKAFARIKI

Wadau, leo tumkumbuke daktari ambaye kosa lake mwenyewe ndilo lililomfundisha kuokoa akina mama.

Robert Lawson Tait alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1845. Alisomea udaktari huko huko, na 1870 akahamia Birmingham, Uingereza, akawa bingwa wa kupasua akina mama.

Mwaka 1881 daktari mwenzake alimwita kumwona mama aliyekuwa anavuja damu tumboni. Alihisi mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi badala ya kwenye kizazi, na mrija umepasuka. Akamwomba Tait apasue. Tait akagoma, maana enzi hizo kufungua tumbo kulitisha kweli. Mama akafariki. Maiti ilipochunguzwa, jamaa akaona kumbe angefunga tu mishipa ile iliyokuwa inavuja...

Roho ikamuuma. Januari 1883 akajaribu kwa mara ya kwanza, mgonjwa akafa. Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye Machi mwaka huo huo akajaribu tena, safari hii akafunga mishipa ya damu kwanza, kisha akautoa mrija. Mama akapona! Kufikia 1888 alikuwa ameshapasua wagonjwa 42 wa aina hiyo, wakafa 2 tu.

Tait alijiuliza pia chanzo ni nini. Aliamini kwamba mrija ukiugua, vile vijinywele vya ndani vinavyosukuma yai kwenda kwenye kizazi vinaharibika. Hakuwa mbali na ukweli. Leo tunajua kisonono na klamidia zisipotibiwa huacha makovu kwenye mirija, yai linanasa njiani na mimba inakua humo humo. Na klamidia mara nyingi haina dalili, unatembea nayo tu.

Tait hakuwa malaika, alilaumiwa kwa kuwatoa akina mama wengi mno ovari zao. Alifariki 1899 huko Llandudno, Wales, akiwa na miaka 54.

Sasa dada zangu, umekosa siku zako, tumbo la chini linauma hasa upande mmoja, damu inatoka au unasikia kizunguzungu? Usimeze panadol ukalala, kimbia hospitali. Na kaka zangu, kupima na kutibiwa ni kwa wote wawili, siyo yeye peke yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mnasemaje?