Kanali Fawcett na Mwanawe Jack

Percy Harrison Fawcett alizaliwa Torquay, Uingereza, mwaka 1867. Alikuwa afisa wa mizinga, na mwaka 1901 alimwoa Nina Paterson. Mwaka 1906 Chama cha Jiografia cha Kifalme cha London kilimpeleka Bolivia kupima mpaka wake na Brazil. Tangu hapo msitu ulimteka, na nyumbani akawa kama mgeni.

Kazi ile ilikuwa ya hatari kweli. Mwaka 1908, walipokuwa wakifuata mto Verde hadi chanzo chake, chakula kiliwaishia, na baadhi ya vibarua wake hawakupona njaa ile. Mwaka 1910, kwenye mto Heath, wenyeji waliwamiminia mishale. Fawcett aliwakataza watu wake kurudisha risasi, akawaamuru waimbe na kupiga kodiani mpaka mishale ikakoma. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mpumbavu.

Lakini moyoni alikuwa na jambo moja lisilomwacha alale. Aliamini kwamba katika msitu wa Mato Grosso, Brazil, kuna mji wa kale uliopotea. Aliuita Z. Alijaribu kuufikia mwaka 1920 akashindwa. Mahali farasi wake alipofia, ndipo alipopaita Kambi ya Farasi Aliyekufa.

Mwanawe wa kwanza, Jack, alizaliwa mwaka 1903, akakua akisikia habari za safari hizo. Alikuwa kijana mwenye nguvu, asiyevuta tumbako wala kunywa pombe, na alimwamini baba yake kabisa. Mwaka 1925 baba alimchagua yeye kwa safari ya mwisho, naye Jack akamchagua rafiki yake, Raleigh Rimell. Mimi husita nifikapo hapa. Fawcett aliujua msitu ule na jinsi unavyoua, hata hivyo aliwaingiza vijana wawili waliokuwa wageni kabisa kwake.

Waliondoka Cuiabá mwezi wa Aprili. Kupe walimuuma Raleigh hata mguu ukavimba, lakini hakukubali kurudi. Tarehe 29 Mei, kutoka Kambi ya Farasi Aliyekufa, Fawcett alimwandikia mkewe asiwe na hofu ya kushindwa. Wasaidizi wakarudi na barua, na wale watatu wakaendelea. Hawakuonekana tena. Wakalapalo, wenyeji wa huko, husimulia kwamba waliona moshi wa moto wao siku chache, kisha haukuonekana tena.

Fawcett alikuwa ameagiza wasitafutwe. Walitafutwa. George Dyott alikwenda mwaka 1928 akarudi bila kuwapata. Stefan Rattin, Mswisi, aliingia mwaka 1932 naye akapotea. Mwaka 1951 ilipatikana mifupa, lakini wataalamu wa London walisema si ya Kanali. Nina alishikilia miaka mingi kwamba mumewe na mwanawe wangali hai. Alifariki mwaka 1954 bila hata kaburi la kulilia.

Baadaye mtaalamu Michael Heckenberger, akifanya kazi pamoja na Wakuikuro katika sehemu za juu za mto Xingu, alichunguza mabaki ya makazi makubwa ya kale: barabara pana zilizonyoka, mahandaki ya ulinzi na viwanja. Hakukuwa na majumba ya mawe, kwa maana wajenzi walitumia udongo na miti. Wakuikuro ni wazao wao, na ni majirani wa Wakalapalo walioutazama ule moshi.