Monica Wilson na Vijiji vya Vijana wa Kyela

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, stendi ya Kyela hujaa masanduku, ndoo na mifuko ya mchele. Mzazi humsindikiza mwanawe anayeanza mwaka wa kwanza, humpa nauli na baraka, kisha basi hupanda kuelekea Tukuyu na Mbeya. Swali tusiloliuliza ni hili: akifika huko, ataishi na nani? Mtu anaweza kukaa katika ukumbi wenye wanafunzi mamia na asiwe na rafiki hata mmoja. Kwa sababu hiyo napenda tumkumbuke mwanamke aliyekuja kwetu miaka 90 hivi iliyopita, akaandika jambo ambalo sisi wenyewe tunakaribia kulisahau.

Monica Hunter alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, kwa wazazi wamisionari. Alisoma Cambridge, Uingereza, akaanza na historia, kisha akahamia anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya watu. Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, ambaye tayari alikuwa akifanya utafiti kwa Wanyakyusa. Waliishi nchini kwetu hadi 1938. Wakati huo Kyela ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rungwe.

Jambo lililowashangaza ni vijiji vya rika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake waliochunga ng'ombe pamoja walijenga vibanda vyao kando, wakawa na kijiji chao. Chakula walikifuata kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kikundi kizima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walilima mashamba ya baba zao, na baadaye walileta wake zao katika kijiji kile kile. Ukifika wakati, wazee waliwakabidhi uongozi wa nchi katika sherehe iliyoitwa ubusoka.

Kiini cha maisha hayo kiliitwa ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako: kula pamoja, kuzungumza, kubishana kwa adabu. Wanyakyusa waliamini kuwa busara huja kwa mazungumzo ya watu walio sawa. Anayekula peke yake na kunyamaza peke yake hubaki mjinga.

Godfrey alifariki mwaka 1944, akamwachia Monica watoto wawili wadogo wa kiume na madaftari mengi. Mwaka huo huo alianza kufundisha katika chuo cha Fort Hare, na pia akawa mlezi wa wanafunzi wa kike bwenini. Katikati ya msiba na kazi aliendelea na maandishi yao, na mwaka 1951 kitabu chake juu ya vijiji vya rika, Good Company, kilichapishwa. Kuanzia 1952 hadi 1973 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1963 yeye na mwanafunzi wake, Archie Mafeje, walitoa kitabu juu ya Langa, mtaa wa Waafrika mjini humo, wakionyesha jinsi wageni kutoka vijijini walivyoshikamana na watu wa kwao ili waweze kuishi mjini. Mwaka 1968 chuo hicho kilimpa Mafeje kazi ya kufundisha, kisha kikamnyima kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi. Monica alijua vema maana ya jumuiya ya wasomi inayomfungia mtu mlango. Alifariki mwaka 1982.

Tusiyapambe mambo ya kale. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Wengi waliolewa wakiwa wadogo. Tena rika peke yake laweza kumpoteza kijana. Lakini vijiji vile havikuwa kundi la vijana waliotupwa. Kulikuwa na kazi ya pamoja, chungu cha mama, kiongozi kutoka miongoni mwao, na wazee waliojua lini waongoze na lini waachilie.

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa na Aristotle kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata akiwa na mema mengine yote. Babu zetu hawakumsoma, lakini walimjengea kila mvulana kijiji kwa sababu hiyo hiyo. Na Kanisa letu la Afrika Mashariki, lilipochagua jumuiya ndogondogo mwaka 1976, lilikuwa likitembea njia iliyo karibu na hiyo.

Basi, wazazi na viongozi wa parokia, kabla ya basi kuondoka tuwakutanishe vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaokwenda chuo kimoja. Wabadilishane namba. Wakubaliane siku moja ya juma ya kula pamoja, na jioni moja ya kuelezana walichojifunza darasani. Walio mwaka wa tatu wawapokee. Nasi tuulize habari za kikundi kizima, si za mwanetu tu. Kijana akiacha kuonekana mezani, wenzake watakuwa wa kwanza kujua, na watamfuata chumbani kabla hajakata tamaa.