Mt. Fransisko Ksaveri: Mhubiri Aliyehangaika na Lugha



Kila tarehe 3 Desemba tunamkumbuka Mt. Fransisko Ksaveri, yule Mjesuiti aliyehubiri India na Japani, msimamizi wa misioni pamoja na Mt. Teresia wa Mtoto Yesu. Watu hupenda kusimulia kwamba alikuwa na karama ya kusema lugha zote. Ukisoma barua zake mwenyewe, kumbe lugha zilimtesa kweli kweli. Na mimi huyu wa kwenye barua ndiye ninayempenda zaidi.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Uhispania. Alikuwa kitinda mimba wa familia kubwa, lakini vita vikaja: ufalme wao ukachukuliwa, baba akafa, na mwaka 1516 kuta za ngome yao zikabomolewa. Kwa hiyo alipokwenda kusoma Paris mwaka 1525 alikuwa na jina kubwa na mfuko mwepesi. Mpango wake ulikuwa wazi: apate shahada, apate cheo kizuri cha Kanisa kule kwao, arudishe heshima ya nyumbani. Michezo nayo aliiweza, hasa kuruka.

Chumbani alikaa na Petro Faber, mtoto wa wafugaji. Mwaka 1529 akaongezeka mwanafunzi mwingine, mtu mzima anayechechemea, Inyasi wa Loyola. Faber alimwelewa mapema. Fransisko alikuwa mgumu, alimwona kama kero. Inyasi hakugombana naye. Alimtafutia wanafunzi wa kufundisha, akamsaidia pesa alipokwama, akasubiri. Ilichukua miaka. Tarehe 15 Agosti 1534 walikuwa saba, yeye akiwemo, waliofunga nadhiri pamoja pale Montmartre, na mwaka 1537 Fransisko akapata upadre.

Safari ya India wala haikuwa zamu yake. Aliyepangwa aliugua, Inyasi akamgeukia Fransisko, naye akaondoka Roma haraka hivyo hivyo. Meli iling'oa nanga Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35.

Hapa ndipo anapopita kwetu. Meli ilikaa Msumbiji miezi kadhaa ikisubiri pepo, naye akawa anauguza wagonjwa mpaka akaugua mwenyewe. Mwaka 1542 wakatia nanga Malindi, na pale wakamzika Mreno mmoja aliyefia njiani. Mzee mmoja Mwislamu wa mji akamuuliza kama Wakristo wa kwao hujaa makanisani, maana yeye alisikitika kwamba kati ya misikiti 17 ya Malindi, ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Fransisko aliandika habari hiyo kwenye barua. Ukifika Malindi, lile kanisa dogo la Wareno bado lipo, na wenyeji huhusisha mahali pale na kupita kwake.

Alifika Goa tarehe 6 Mei 1542. Akawa anatembea mitaani na kengele, anaita watoto na watumwa waje kwenye mafundisho. Baadaye akaenda kusini, kwa wavuvi wa lulu. Wengi wao walikuwa wamebatizwa miaka michache kabla, ila hakuna aliyewafundisha chochote. Wao walisema Kitamil, yeye hakukijua. Akafanyaje? Akawakusanya watu waliojua lugha zote mbili, wakakaa siku nyingi wakitafsiri Ishara ya Msalaba, Nasadiki, Amri za Mungu, Baba Yetu na Salamu Maria. Kisha akazikariri kama mtoto wa katekisimu, akatoka na kengele yake kijiji hadi kijiji. Mwaka 1545 aliandika kwamba ndani ya mwezi mmoja alibatiza watu zaidi ya elfu kumi. Aliandika pia kwamba alitamani arudi Paris akapige kelele chuoni kama kichaa, awaambie wasomi wanaotafuta vyeo kwamba huku watu wanakosa tu mtu wa kuwafundisha. Alijua anachosema, maana cheo hicho hicho alikitaka yeye.

Tusimpake rangi, lakini. Mwaka 1546 alimwomba mfalme wa Ureno apeleke India mahakama ya kuchunguza imani, na mahakama hiyo ilipoanzishwa, yeye akiwa ameshakufa, iliumiza watu wengi. Utakatifu haukumtoa katika karne yake.

Tarehe 15 Agosti 1549 alifika Kagoshima, Japani, akiwa na Anjiro, Mjapani aliyebatizwa Goa. Anjiro alimtafsiria neno Mungu kama Dainichi. Watawa wa Kibudha wakampokea kwa furaha, kumbe Dainichi ni jina la Buddha wao mmoja! Alipogundua, alisimama akawaambia watu wasimwombe Dainichi, akaanza kutumia neno Deus. Hebu fikiria aibu hiyo, kukanusha hadharani mahubiri yako mwenyewe. Alikwenda kwa miguu wakati wa baridi kali hadi mji mkuu amwone mfalme, akakosa. Akajifunza tena: kule Yamaguchi akavaa vizuri, akapeleka zawadi, saa ikiwemo, na mtawala akamruhusu kuhubiri.

Wajapani walimuuliza swali gumu: kama haya ni kweli, mbona Wachina hawayajui? Basi akaamua kwenda China. Wageni walikatazwa kuingia, hivyo akakaa kwenye kisiwa cha Shangchuan akimsubiri mfanyabiashara aliyeahidi kumvusha kwa siri. Hakuja. Homa ikampata, na alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552 akafariki akiwa na miaka 46, pembeni yake yuko Antonio, kijana Mchina.

Habari zilikwenda kwa meli, polepole. Juni 1553, Inyasi alimwandikia kutoka Roma akimtaka arudi Ulaya.