Habari za Yusuf bin Hasan, Mfalme wa Mombasa

Wakristo wengi wa Kinondoni na Temeke, wakiulizwa ni lini Injili ilifika katika pwani yetu, hujibu bila kusita kwamba ni mwaka wa 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo. Wengine hutaja Pugu, walikojenga Wabenediktini mwaka wa 1888, na ambako mwezi wa Januari 1889, katika vita vya Bushiri, mabruda wawili na sista mmoja waliuawa. Majibu hayo si ya uongo, walakini yanaruka miaka mingi. Watawa wa Mtakatifu Agostino walikuwa na nyumba yao Mombasa tangu mwaka wa 1597, na Wakristo wao walipatwa na msiba ambao katika parokia zetu hautajwi sana. Pengine hautajwi kwa sababu ni vigumu kuusimulia kwa haki. Aliyewaua hakuwa mgeni. Alikuwa mfalme aliyebatizwa na kulelewa na watawa wenyewe, na kabla ya damu aliyoimwaga yeye, ilikuwako damu ya baba yake.

Basi na tuanze na baba.

Wareno walipoanza kujenga ngome yao Mombasa katika mwaka wa 1593, wakaiita kwa jina la Yesu, walimleta mfalme wa Malindi akae mjini kama mtawala. Ukoo wa Malindi ulikuwa rafiki wa Wareno tangu siku za Vasco da Gama, na kwa ajili ya urafiki huo ulipewa kiti cha Mombasa. Lakini kiti hicho kilikuwa chini ya kivuli cha ngome. Mfalme alikuwa na jina la ufalme. Mkuu wa ngome alikuwa na mizinga, askari na ushuru wa forodha. Mfalme Hasan alipogombana na wakuu hao, akaona maisha yake yamo hatarini, akakimbilia bara, upande wa Rabai. Huko, katika mwaka wa 1614, aliuawa na watu wa bara waliolipwa na Wareno ili wafanye kazi hiyo. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa katika Bara Hindi, makao ya Wareno ya mashariki.

Hasan aliacha mtoto mwanamume, umri wake yapata miaka saba, jina lake Yusuf. Naye vilevile akapelekwa Goa.

Msomaji asipite hapa kwa haraka. Mtoto aliingia katika mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Wareno walimkabidhi kwa watawa wa Mtakatifu Agostino, nao wakamlea, wakamfundisha kusoma na kuandika, wakamfundisha dini, wakambatiza. Jina lake jipya likawa Dom Jerónimo Chingulia. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watawa hao walimtendea vibaya. Kwa kadiri ijulikanavyo alisoma vizuri na aliheshimiwa. Alipokuwa kijana alitumika katika merikebu za Wareno, akajifunza kazi ya mizinga, akapigana upande wao. Akatunukiwa cheo cha shujaa wa Shirika la Kristo, ambalo alama yake ni msalaba mwekundu. Akaoa mke Mkristo. Kwa macho ya watu wa Goa kazi ilikuwa imekamilika: mtoto wa adui amegeuka rafiki, na Mwislamu amegeuka Mkristo.

Mwaka wa 1626 Wareno walimtambua kuwa mfalme wa Mombasa na Malindi, na baadaye akarudi nyumbani. Akampelekea Baba Mtakatifu Urbano wa Nane barua ya utii, kama walivyofanya wafalme Wakristo wa Ulaya. Kwa nje mambo yalionekana mema. Kwa ndani mtu yule hakuwa na mahali pa kukaa. Watu wake walimwona mgeni, mwenye nguo za Kireno na dini ya Kireno, akila vyakula ambavyo kwao ni haramu. Mkuu wa ngome naye, Pedro Leitão de Gamboa, hakumpa heshima ya mfalme. Alimtendea kama wakuu waliomtangulia walivyomtendea Hasan. Sisi tunaofundisha wakatekumeni tunamjua mtu wa namna hii. Huja kanisani kwao wakamtazama kwa mashaka, hurudi kwao wakamtazama kwa mashaka, na mwisho hukaa njiani peke yake.

Hapo ndipo alipoanza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake. Watu walimvizia, wakamwona anasali pale kwa desturi ya Kiislamu, wakapeleka habari ngomeni. Mkuu wa ngome akaazimu kumkamata na kumrudisha Goa akahukumiwe. Habari hiyo nayo haikufichika, ikamfikia mfalme. Alijua maana yake. Baba yake naye aligombana na mkuu wa ngome, na mwisho wa baba yake aliujua.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Mfalme akaingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba anakuja kumwamkia mkuu, jambo ambalo halikumshtua mtu, kwa maana alikuwa Mkristo na rafiki. Akamchoma Leitão de Gamboa kwa silaha, akafa. Watu wa mfalme wakawaangukia askari wa zamu, na ngome ambayo kwa miaka karibu arobaini haikupata kutekwa, ikatekwa kwa muda mfupi. Mke wa mkuu na binti yake wakauawa, na padri wa ngome pia. Nyumba za Wareno mjini zikatiwa moto.

Waliosalia, wanaume, wanawake na watoto, wakakimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino, wakakaa humo siku kadhaa wakingoja. Mfalme alikuwa amekwisha kulitupa jina la Jerónimo na kujitangaza tena kuwa Yusuf bin Hasan, Mwislamu. Akawapa watu hao uchaguzi: waingie Uislamu au wafe. Watawa wakawaimarisha na kuwapa Sakramenti. Walipotolewa nje, wengi waliuawa kwa mishale na mikuki, na maiti zikatupwa baharini. Wanawake nao hawakuachwa. Hesabu ya wote hukadiriwa kuwa yapata watu 300, na hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Wakristo Waafrika, watu wa pwani yetu, ambao majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu kama ya mabwana wao. Wengine walichukuliwa utumwani. Wachache mno waliponyoka, na kwa vinywa vyao habari ikafika Goa. Huko, mwaka wa 1632, wakuu wa Kanisa wakaanza kuwahoji mashahidi, ili marehemu wale watangazwe kuwa wafiadini. Shauri hilo halijafika mwisho wake hata leo.

Yusuf alitumaini kwamba miji yote ya pwani ingeinuka pamoja naye. Haikuwa hivyo. Miji mingine ilimwunga mkono, mingine ikasita kwa kuogopa kisasi. Nacho hakikukawia. Mwezi wa Januari 1632 ilitokea Goa jeshi la merikebu yapata ishirini, na askari zaidi ya 800, chini ya Dom Francisco de Moura. Wakaizunguka ngome kwa majuma mengi.

Hapo Wareno walivuna mafunzo yao wenyewe. Mtu waliyemfundisha kupiga mizinga alikuwa ndani ya kuta walizozijenga wao, kuta zilizopangwa na fundi Mtaliano Giovanni Battista Cairati ili asiweze kuzivunja mtu. Mizinga waliyoileta kutoka Ureno na Goa ikawapiga wao. Hata mwezi wa Machi ulipofika, Dom Francisco aliona hawezi. Akaondoka, akiacha merikebu chache zilinde bandari.

Lakini mfalme naye aliona kwamba ushindi wake si ushindi. Wareno wangerudi, na msaada mkubwa haukuja. Mwezi wa Mei 1632 akabomoa alichoweza kubomoa ngomeni, akachukua mizinga, akapanda merikebu aliyowateka Wareno, akatweka kwenda Arabuni. Merikebu zilizoachwa kulinda hazikumzuia. Tarehe 5 Agosti 1632 Wareno wakaingia tena Mombasa, wakakuta mji mtupu na kuta zilizoharibika. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mwaka utimie tangu sikukuu ile ya Kupalizwa.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya baharini. Aliwawinda Wareno katika Bahari ya Sham na pwani ya Arabuni, akaonekana Bukini na visiwa vya Ngazija, akatafuta wenzi wa kumrudisha katika ufalme wake asiwapate. Akafa upande wa Bahari ya Sham, yapata mwaka wa 1638, umri wake miaka thelathini na kidogo. Mombasa hakuiona tena. Wareno wenyewe walikaa miaka sitini na zaidi, mpaka Waarabu wa Omani walipoitwaa ngome mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Tumesema kwamba habari hii ni vigumu kuisimulia kwa haki. Huku kwetu Temeke, Mkristo akifiwa, jirani yake Mwislamu huja kubeba jeneza, na Mkristo hufanya vivyo hivyo kwa jirani yake. Mwalimu atakayewasomea watoto habari hii na kuishia kwenye mauaji ya Agosti atakuwa amefundisha nusu, na nusu hiyo yaweza kutia sumu. Wale 300 walikufa kweli kwa ajili ya dini yao, na inafaa tuwaombee na kuwaheshimu. Lakini sioni namna ya kuwataja wao bila kumtaja Hasan aliyeuawa kwa malipo, na mtoto wake aliyetiwa maji ya Ubatizo bila kuambiwa na wakuu wa serikali kwamba walimkosea.

Atakayefika Mombasa ataiona ngome ingali imesimama. Wazee waliijua kama gereza, kwa maana tangu mwaka wa 1895 hata 1958 Waingereza walifungia wafungwa humo. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Juu ya lango lake limo jiwe la mwaka wa 1635 lenye maandishi ya Kireno. Yanamsifu mkuu wa ngome Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27, shujaa wa Shirika la Kristo kama alivyokuwa Yusuf: jinsi alivyoijenga ngome upya, alivyoitiisha pwani iliyokuwa imeasi, alivyobomoa kuta za Pate na Siyu, alivyoiadhibu Pemba na kuwaua wakuu wa waasi, na vyeo alivyopewa kwa kazi hiyo. Yusuf ametajwa humo kama mfalme dhalimu, bila jina lake la Ubatizo wala la kuzaliwa. Hasan hakutajwa kabisa.