Robert Koch: Bingwa wa viini aliyeliacha somo lake visiwani Sese

MWANAFUNZI wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anapochoma kitanzi cha waya kwenye mwali wa moto kabla ya kupanda bakteria katika sahani ya maabara, anafuata nyayo za daktari Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1910. Daktari huyo ni Robert Koch. Wafugaji wa Embu na Meru nao wana sababu ya kumjua, kwani miongoni mwa maradhi aliyoyachunguza ni ndigana, ugonjwa wa kupe ambao ungali unaua ng'ombe wao.

Koch alizaliwa Clausthal mnamo Desemba 11, 1843. Akiwa daktari wa wilaya mjini Wöllstein, ambao leo umo nchini Poland, alijitengea maabara ndogo nyumbani. Mwaka wa 1876 alithibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja mahsusi.

Kikwazo kikubwa cha enzi hizo kilikuwa mchanganyiko. Viini vilioteshwa ndani ya supu ya nyama, aina nyingi zikaogelea pamoja, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini ni ipi iliyoleta maradhi. Koch alihamia kwenye chakula kigumu. Alianza na vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha jelatini, ambayo iliyeyuka kwenye joto. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, alipendekeza agari itokanayo na mwani, ambayo haiyeyuki upesi. Mwaka wa 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, alibuni sahani yenye kifuniko ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Juu ya chakula kigumu, kila kiini huzaliana mahali pake na kufanya doa la peke yake.

Machi 24, 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu. Hoja yake ilisimama juu ya hatua zilizofuatana: kukiona kiini kwa mgonjwa, kukiotesha peke yake, kumdunga nacho mnyama mzima hadi augue, na kukipata tena ndani ya mnyama huyo. Pembeni aliweka wanyama wasiodungwa kiini hicho, apate kulinganisha. Bila ulinganisho huo, ushahidi wake ungekuwa na shaka.

Hata hivyo, mwaka wa 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, huku akificha ilivyotengenezwa. Haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walikufa. Sifa yake ilitikisika, ingawa mwaka wa 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Afrika Mashariki ilimjua kwa karibu. Akiwa Dar es Salaam mwaka wa 1897 aliona vimelea vya ndigana katika damu ya ng'ombe, akadhani ni vya ugonjwa mwingine. Baadaye, akiwa Rhodesia, alitambua kuwa ni maradhi ya pekee. Mwaka wa 1905 aliporejea katika koloni hiyo ya Wajerumani, alionyesha kwamba viini vya homa ya papasi hupita hadi kwenye mayai ya papasi.

Mwaka wa 1906 alifika visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu. Aliwadunga wagonjwa zaidi ya elfu moja atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka, naye akaona ameshinda. Viliporudi, aliongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka, wasione tena.

Visiwani hapakuwa na kundi la kulinganisha, wala muda wa kutosha wa kungoja kabla ya kuhukumu. Uangalifu aliowapa wanyama wa Berlin mwaka wa 1882 haukuwafikia wavuvi wa ziwa Victoria, ambao chini ya utawala wa kikoloni hawakuwa na sauti ya kukataa.

Koch alifariki Baden-Baden mnamo Mei 27, 1910. Mbinu zake zimedumu katika kila maabara, na anayejifunza kupanda viini anapaswa kujifunza pia habari za Sese. Sahani isiyopandwa kitu, inayowekwa kando kwa ajili ya kulinganisha, yaweza kuonekana kama upotevu wa vifaa. Kumbe ndiyo inayomzuia mtafiti kuamini analolitamani, na kumwepusha mgonjwa na gharama ya tamaa hiyo.