Leo Baekeland: mtoto wa fundi viatu aliyeleta plastiki ya umeme

Koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, hutoa tantali inayotunza umeme ndani ya simu. Kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale, hutoa bati la kulehemu. Lakini vipande hivyo vidogo vya simu hufunikwa na gamba la plastiki ngumu, na asili ya gamba hilo inarudi kwa Mbelgiji mmoja, Leo Baekeland.

Baekeland alizaliwa mjini Ghent tarehe 14 Novemba 1863. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1884 alipata udaktari wa kemia, na mwaka 1889 akahamia Marekani. Huko aligundua karatasi ya picha iliyoitwa Velox, akamuuzia George Eastman mwaka 1899. Fedha hizo zilimpa uhuru wa kufanya utafiti nyumbani kwake.

Wakati ule nyaya za umeme zilizuiliwa kwa utomvu wa wadudu, tena wa bei ghali. Wakemia wengine walikuwa wamechanganya fenoli na formaldehaidi, wakapata donge lisilofaa. Baekeland alitawala joto na mgandamizo ndani ya chungu cha chuma. Mwaka 1907 akapata Bakelite, plastiki ambayo ikishakauka haiyeyuki tena.

Peke yake ilivunjika upesi. Aliichanganya na unga wa mbao au asbesto, ikawa imara. Redio, simu na swichi zikatengenezwa kwayo.

Ila plastiki inayozuia umeme huzuia joto pia, na chombo kisichotoa joto huharibika mapema. Wahandisi wa leo wanafuata njia yake ya kuchanganya: wanatia unga wa oksidi ya alumini au nitridi ya boroni. Chembe zikigusana, joto hupata njia ya kutoka huku umeme ukibaki umezuiliwa. Unga ukizidi, mchanganyiko huwa mzito na hauingii vizuri kwenye kalibu. Kazi yote ni kupata kipimo.

Baekeland aliuza kampuni yake mwaka 1939, akafariki tarehe 23 Februari 1944 huko Beacon, New York, akiwa na miaka 80.

Hakuwahi kutajirika kwa mgodi. Fenoli na formaldehaidi zilipatikana sokoni kwa kila mtu. Yeye aliuza ujuzi wa kuzichanganya. Masisi na Walikale zina madini. Ujuzi wa kuyageuza kuwa kifaa bado unauzwa kutoka mbali, na ndiko faida kubwa inakobaki.