Robert Koch: Daktari Aliyemsaka Adui Asiyeonekana

Miongoni mwa mabingwa waliopambana na maradhi ya binadamu, ni wachache wanaostahili kuwekwa safu moja na Robert Koch wa Ujerumani. Ndiye aliyekigundua kijidudu cha kifua kikuu. Lakini wengi wanaolijua jina lake hawajui kwamba ushindi wake ulitegemea jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna joto linavyoigandisha jeli na kuiyeyusha.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, uliokuwa mji wa migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Vita baina ya Ujerumani na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alijitolea kuwatibu askari. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein. Huko, kwa darubini moja na chumba kidogo nyumbani mwake, alichunguza maisha ya kijidudu cha kimeta, akatangaza matokeo mwaka 1876. Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Idara ya Afya ya Dola.

Tatizo lililowashinda wataalamu wa zama hizo lilikuwa hili: vijidudu vilikuzwa ndani ya mchuzi wa nyama, na humo vya kila aina viliogelea pamoja. Kumtambua mwuaji kulikuwa kama kumsaka mhalifu katikati ya umati wa soko. Koch alitaka kila kijidudu kibaki palepale kilipoangukia, kizaane peke yake. Alianza na vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha akachanganya mchuzi na jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Mwaka 1881 aliionyesha njia hiyo mjini London mbele ya madaktari, akiwamo Mfaransa Louis Pasteur.

Jelatini ni polima, yaani molekuli zake ni ndefu mithili ya minyororo. Maji yakiwa ya moto, minyororo hiyo hulegea, kila mmoja ukaelea peke yake. Yakipoa, husokotana kama nyuzi za kamba, ukafanyika wavu unaoyazuia maji yasitiririke. Ila msokoto huo ni dhaifu. Kabla ya kufikia nyuzijoto 37, ambazo ndizo joto la mwili wa binadamu, hufumuka na jeli ikarudi kuwa mchuzi. Na kijidudu cha kifua kikuu hudai joto hilohilo, tena kwa majuma kadhaa.

Koch akageukia majimaji yanayojitenga damu ya mnyama inapoganda. Protini za majimaji hayo hutenda kinyume cha jelatini. Minyororo yake imejikunja, na joto la karibu nyuzijoto 65 huikunjua, ikashikamana moja kwa moja, kama ute wa yai unavyofanya ukichemshwa. Ikishaganda hivyo, haiyeyuki tena. Juu ya ngome hiyo kijidudu kilikubali kukua. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza ugunduzi wake. Kwa makadirio yake, ugonjwa huo uliua mtu mmoja katika kila saba.

Hata hivyo, kuitayarisha damu kulichosha. Suluhisho jepesi lilitoka jikoni. Daktari Walther Hesse, aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alisumbuliwa na jelatini yake kuyeyuka wakati wa joto. Mkewe, Fanny, alimshauri atumie agari aliyokuwa akigandishia vyakula vyake. Aliijua kutoka kwa majirani waliowahi kuishi Java. Agari hutolewa katika mwani, na minyororo yake ni ya sukari. Ikipoa hadi karibu nyuzijoto 40 husokotana na kufungamana matita, na matita hayo hayafumuki mpaka joto lifikie karibu nyuzijoto 85. Kwa hiyo katika nyuzijoto 37 husimama imara. Koch aliitaja agari kwa maneno machache mwaka huohuo wa 1882, bila kuwataja akina Hesse. Mwaka 1887 Julius Petri, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi, aliongeza kisahani chenye kifuniko.

Mwaka 1883 na 1884 Koch alikisaka kijidudu cha kipindupindu Misri na Calcutta. Hakushinda kila vita. Dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya, na heshima yake ikatikisika. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akipambana na malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Wagonjwa wengi walipata nafuu ya muda, lakini baadhi yao walipofuka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Hadi leo, usaha wa jeraha la askari hupandwa juu ya agari katika nyuzijoto 37, ili daktari ajue ni dawa ipi itakayomwokoa. Koch aliwaachia wenye kulinda watu fundisho la kupima zana katika joto litakapopiganiwa pambano lenyewe. Fundisho la pili linatoka kwa Fanny Hesse, ambaye hakuwa na cheo chochote katika maabara ile: ushauri mwema usikilizwe utokako kokote, na aliyeutoa atajwe kwa jina.